Kufufua nyumba ya mawe: maswali ambayo wenye nyumba za Mji Mkongwe huuliza kila mara

Majibu haya yanahusu nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Unguja. Mwenye nyumba Lamu, Mombasa au Bagamoyo atakuta mengi yanamfaa pia, na pale Lamu inapokwenda njia yake nimesema. Nimeyaacha maswali katika mfuatano ambao watu huyaleta, na ndiyo maana la kwanza ni la rangi.

Nimerithi nyumba ya zamani. Nipake rangi gani?

Bado. Rangi ni kazi ya mwisho kabisa, na ukutani penye unyevu rangi yoyote itabanduka kabla ya mwaka kuisha. Soma kwanza kuhusu paa, kisha chokaa, kisha boriti. Swali la rangi lina jibu lake huko chini, na jibu lenyewe ni fupi.

Nitajuaje nyumba yangu ni ya kipindi gani?

Sehemu kubwa ya nyumba zilizosimama leo Mji Mkongwe ni za karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake kutoka Maskati kuja Unguja. Umri kwa mwaka kamili hutaupata bila hati, lakini aina ya nyumba unaweza kuisoma kwa macho.

Nyumba ya asili ya Kiomani imefunga uso kwa nje: kuta nene, madirisha machache ya chini, mlango mkubwa wenye kichwa cha mraba, baraza mbele. Uzuri wote uko ndani, kuzunguka uwanda ulio wazi juu. Nyumba ya Kihindi hufanya kinyume. Uso wake uko barabarani: duka chini, familia juu, roshani ya mbao inayoning'inia juu ya njia, na mara nyingi mlango wenye kichwa cha upinde. Ukitaka kuona mtindo huo ulipofika kileleni, nenda mtaa wa Malindi, hapo hapo Mji Mkongwe, ukatazame Zahanati ya Kale, iliyoanzwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887: roshani zenye mbao za kukatwa kwa urembo na vioo vya rangi. Waingereza nao waliacha majengo yao, mengi ya ofisi, yenye matao na vikuba vya kuigiza uarabu.

Kisha angalia vitu vidogo. Mihimili ya chuma inaonyesha mwishoni mwa karne ya 19 au baada yake. Vigae vya saruji vyenye maua sakafuni ni vya baadaye zaidi. Chumba chembamba chenye boriti za mikoko kinaweza kuwa cha zamani kuliko roshani iliyobandikwa mbele yake kwa miaka hamsini. Nyumba nyingi ni mchanganyiko, na hilo si kasoro.

Basi nirudishe kipindi kipi?

Mimi sipendi kurudisha. Ukibomoa roshani ya Kihindi ili nyumba "irudi" kuwa ya Kiomani, umeharibu kitu halisi ili ujenge kitu cha kuigiza. Kanuni ninayoifuata: kila kilichoongezwa kwa kazi nzuri na kwa vifaa vizuri kibaki, kila kilichoongezwa kwa haraka kiondoke. Ukuta wa matofali ya saruji uliogawa sebule vyumba vitatu, uondoke. Choo kilichobandikwa kwenye uwanda, kiondoke. Ngazi ya mbao ya mwaka 1900, hata kama nyumba ni ya 1850, ibaki.

Kuna mtindo mwingine unaonichosha zaidi: kuchonga zidaka za Lamu katika nyumba ya Mhindi ya mtaa wa Hurumzi kwa sababu mgeni aliziona kwenye picha. Zidaka zile, safu kwa safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, ni za nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18, na zina mahali pake maalumu, hasa ukuta wa ndani kabisa wa nyumba. Zikibandikwa kwenye chumba cha duka zinabaki pambo la hoteli.

Je, nahitaji kibali hata kwa matengenezo madogo?

Ndiyo, uliza kabla ya kugusa. Unguja anayehusika ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Lamu iliingia mwaka 2001, na huko unaanzia kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na serikali ya kaunti. Peleka picha na michoro, hata ya mkono, inayoonyesha nyumba ilivyo sasa na unavyotaka iwe. Ombi lenye picha nzuri huenda mbele kuliko ombi lenye maneno mengi.

Kabla ya hapo hakikisha nyumba ni yako kweli. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na hizo husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Zipo za Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Na zipo za mirathi yenye warithi ishirini, watano wako Maskati, wawili Dubai na mmoja London. Usinunue hata mfuko mmoja wa chokaa mpaka warithi wote wameandika na kutia saini. Kazi iliyosimamishwa na mjomba katikati ya masika, paa likiwa wazi, huharibu nyumba kuliko miaka kumi ya kuachwa.

Kazi ianzie wapi?

Juu. Maji yanaua nyumba ya mawe kwa kushuka kutoka paani na kwa kupanda kutoka chini, na yanayoshuka ndiyo ya haraka.

Paa la zamani lilikuwa sakafu bapa ya chokaa juu ya boriti. Ilipigwa kwa vipande vya miti, watu wamejipanga mistari wakiimba, siku kadhaa mfululizo mpaka chokaa ikashikana na kuzuia maji. Baadaye nyingi zilifunikwa mabati, na mabati yakipigwa vizuri si dhambi. Tatizo liko pembeni: pale bati linapokutana na ukuta, kwenye mifereji iliyojaa majani, na kwenye milizamu iliyoziba au iliyokatwa ikawa inamwaga maji ukutani badala ya kuyatupa mbali. Panda juu mvua ikiwa inanyesha. Dakika kumi za kutazama maji yanakopita zitakueleza zaidi ya ripoti.

Panga kazi ya paa baada ya masika ya Machi hadi Mei na uimalize kabla ya vuli ya Oktoba. Na ukikuta mche wa mtini umeota ukutani, usiung'oe. Mzizi utatoka na mawe yake. Ukate, uue kisiki kwa dawa, kikauke, kisha uzibe pengo kwa chokaa.

Fundi wangu anasema saruji ni imara zaidi. Kwa nini nisitumie?

Fundi wako anasema kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na mara nyingine udongo mwekundu. Ni ukuta laini, unaonyonya unyevu na kuutoa tena hewani. Unacheza kidogo nyumba inapokaa, na chokaa inacheza nao; nyufa ndogo hujiziba zenyewe kwa sababu maji huyeyusha chokaa kidogo na kuiweka penginepo.

Ukiupiga lipu ya saruji umeufungia. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hauwezi tena kutokea usoni, kwa hiyo unapanda juu zaidi kutafuta njia, na unabeba chumvi. Mwaka wa kwanza ukuta ni mzuri, watu wanakupongeza. Baada ya miaka michache lipu inatoa sauti ya utupu ukiigonga, kisha inaanguka mapande, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Vibaya zaidi ni vichwa vya boriti vilivyozama ukutani: vimekaa katika unyevu usioonekana, na vinaoza huku dari likionekana zima.

Zege ni balaa la pili. Bamba la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Kuta za mawe na chokaa zilizoinuka ghorofa tatu hazikujengwa kwa mzigo huo, na nondo ndani ya hewa ya chumvi hupata kutu, huvimba na kupasua kila kilichozishika. Tuliona Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Jengo hilo la Sultani Barghash la mwaka 1883 lina nguzo za chuma na historia yake ya peke yake, kwa hiyo silitumii kama ushahidi dhidi ya saruji. Nalitaja kwa sababu nyumba iliyosimama miaka 137 watu huiona haiwezi kuanguka.

Kama saruji ipo tayari kwenye kuta zako, usiibandue kwa nguvu yote mara moja. Anza na mita moja kutoka chini, ambako unyevu unapanda, uache ukuta ukauke wazi miezi kadhaa. Pale ambapo saruji imeshika jiwe kiasi cha kulimega, iache.

Chokaa inapatikana wapi na inatengenezwaje?

Bado iko. Kwa kawaida mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka kiini cha jiwe kifike joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Jiwe linatoa hewa ya ukaa na kuwa jepesi: kilo 100 za mawe safi hubakiza takriban kilo 56. Kisha chokaa inazimwa kwa maji. Hapa watoto wawe mbali, na mwenye kazi avae miwani na glavu, kwa maana inachemka yenyewe na tone moja jichoni linaweza kupofusha.

Baada ya kuzimwa, chokaa ikae shimoni au pipani ikiwa chini ya maji. Wiki chache ni kidogo. Miezi ni bora, mwaka ni bora zaidi. Chokaa iliyozimwa jana ina chembe ambazo hazijazimika, nazo zitalipuka vidogo vidogo ndani ya lipu yako wiki kadhaa baadaye na kuacha vishimo. Kwa hiyo nunua chokaa siku unayoomba kibali, si siku fundi anayoanza.

Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga usiwe wa pwani, au ukiwa wa pwani uoshwe kwa maji matamu mpaka ulimi usionje chumvi. Piga lipu nyembamba kwa awamu, ukuta ukiwa umeloweshwa, na uikinge jua kwa magunia ya maji. Chokaa haikauki tu. Inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na bila unyevu haivuti. Juu kabisa huja lipu laini nyeupe, ambayo Lamu huiita niru, inayosuguliwa mpaka ing'ae.

Mawe yenyewe yatoke nchi kavu, kwenye miamba ya matumbawe ya kale. Wazee walichota pia matumbawe laini baharini kwa ajili ya nakshi, wakayachonga yangali mabichi kabla hayajawa magumu. Leo usiguse mwamba hai. Nyumba zilizoanguka zina mawe ya kutosha, na ni halali ukimwomba mwenye kiwanja.

Boriti zipi zinahitaji kubadilishwa?

Chache kuliko fundi anavyodhani. Boriti ya mkoko ni mti mgumu na mzito, na katikati yake inaweza kukaa zaidi ya karne. Ugonjwa uko kwenye vichwa. Chukua bisibisi au msumari mrefu uchome pale boriti inapoingia ukutani: ukizama kwa wepesi, pameoza. Gonga pia kwa nyundo ndogo usikilize. Mchwa huacha njia za udongo. Zifuate mpaka chini.

Boriti moja mbaya kati ya ishirini hubadilishwa peke yake. Egemeza dari, toa mbovu, ingiza mpya, na uache nafasi ya hewa kuzunguka kichwa chake ndani ya ukuta. Usikubali dari zima kubomolewa kwa ajili ya boriti tatu. Mikoko hukatwa kwa kibali cha idara ya misitu, kwa hiyo muulize muuzaji karatasi zake.

Urefu wa boriti ndio uliopima vyumba. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe unatosha upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Majahazi yalipeleka boriti hizi kutoka Lamu na Rufiji mpaka Ghuba, na nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vya upana huo huo. Mtu anayetaka "kufungua" ukuta apate sebule pana anaomba kitu ambacho nyumba yenyewe haina uwezo nacho.

Mlango wa nakshi umechakaa. Niusugue upya na kuupaka vanishi?

Hapana kwa yote mawili. Msasa unakula ncha za nakshi, na ncha zikishakwenda mchongaji hawezi kuzirudisha. Vanishi inang'aa, inapasuka kwa jua, na maji huingia kwenye nyufa yakakaa. Osha kwa brashi laini na maji kidogo yenye sabuni, ukaushe kivulini, kisha paka mafuta ya kitani membamba, ufute yanayobaki. Rudia kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza kupuliza.

Sehemu inayooza kwanza ni chini ya miimo na kizingiti. Kata palipooza tu, uunge mbao ya aina ileile. Misumari ya shaba isisuguliwe kila wiki mpaka imekwisha.

Wanaotembeza wageni wana maana ya kila alama: mnyororo ni hivi, samaki ni vile. Baadhi zina mizizi, nyingi zimekua kwa kusimuliwa. Ukihitaji kuchongesha kipande kilichopotea, mwonyeshe fundi upande wa pili wa mlango wako mwenyewe, si kitabu cha alama. Na usiuze mlango. Wanunuzi watakuja, wengine na pesa ya kutikisa moyo, lakini nyumba isiyo na mlango wake imepoteza nusu ya thamani, achilia mbali matatizo ya sheria.

Umeme na maji vipitishwe wapi?

Nyaya zipite usoni pa ukuta, ndani ya mifereji myembamba iliyopakwa chokaa, au nyuma ya boriti. Kuchimba mfereji katika ukuta wa matumbawe kunalegeza mawe ambayo hukujua yalikuwa yanashikana.

Mabomba yawe wazi kabisa. Najua hayapendezi. Lakini bomba lililofichwa likivuja, utajua siku dari la jirani likianguka. Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili. Liweke chini, usukume maji kwa pampu hadi tangi dogo lililokaa juu ya makutano ya kuta. Bafu moja liwe juu ya jingine, upande mmoja wa nyumba.

Kiyoyozi?

Chumba kimoja cha kulala, kama ni lazima. Fungua kwanza madirisha ya pande mbili na uwanda ulioufunga kwa bati. Nyumba hizi zilijengwa kwa upepo. Ukifunga chumba na kukipoza siku nzima, unyevu wa pwani utageuka maji kwenye ukuta wa nje.

Sasa naomba jibu la rangi.

Maji ya chokaa. Chokaa iliyokaa, ichujwe, iongezwe maji mpaka iwe nyepesi kiasi cha kuona mkono wako ndani yake, ipakwe mara tano au sita kwenye ukuta uliolowa. Itaonekana haijashika mpaka ikauke. Nyeupe ndani, kwa sababu vyumba ni virefu na mwanga ni wa mlango mmoja. Tone la nili huondoa umanjano. Nje, udongo wa rangi hutoa manjano hafifu na waridi, na hizo zinafaa. Rangi ya plastiki, hata ile ya bei ya juu, inafanya kosa lilelile la saruji.

Samani gani zinaendana na nyumba?

Chache. Picha za zamani za sebule za Unguja zinaonyesha mikeka na mazulia, makasha yenye misumari ya shaba, viti vya kuegemea, vioo vikubwa vya ukutani, saa, na sahani za kaure kutoka China au Ulaya zilizopangwa kwenye vishubaka. Kitanda cha samadari kikiwepo kipewe chumba chake, maana ni kirefu na kinahitaji hewa kuzunguka chandarua. Lamu wana pia kitanda cha ulili na kiti cha heshima kiitwacho kiti cha enzi. Nenda Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili mjini Lamu uone vinavyokaa katika nyumba yenyewe, badala ya kwenye duka.

Sina ugomvi na jokofu wala televisheni. Bibi zetu walinunua saa ya Ulaya na sahani ya China kwa sababu vilikuwa vipya na vizuri, na sebule isiyo na kitu kipya hata kimoja inanipa mashaka. Kinachonikera ni makasha mapya yaliyopigwa minyororo ili yaonekane ya kale. Nunua la zamani lililopasuka ulitengeneze, au la jipya lisilojificha.

Nitamjuaje fundi anayeielewa chokaa?

Mpeleke kwenye ukuta wenye unyevu umuulize atafanya nini. Akitaja dawa au saruji kabla hajauliza maji yanatoka wapi, mshukuru na umuage. Akitaka kupanda paani kwanza, mpe chai.

Nimefanya yote hayo na ukuta bado unatoa unga mweupe. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea. Ni chumvi inayotoka, na kutoka ndiko kunakotakiwa. Ipukute kwa brashi kavu, uizoe uitupe nje. Usiioshe, maana maji yatairudisha ndani. Lipu ya kwanza ya chini huenda ikafa kwa kazi hii ya kunyonya chumvi, na itabidi uipige upya. Hesabu gharama hiyo mapema. Ikiwa bado unga ni mwingi baada ya masika ya pili, acha kutazama ukuta, tafuta bomba linalovuja au karo la jirani.